Neno Nililomwandikia Moraa

Nyamweya alizikwa Jumamosi, karibu na Ndanai, na mimi nilifika nimechelewa, kaburi limeshafukiwa na watu wameshaanza kugawiwa chakula. Habari nilizipata kwa mjukuu wangu anayefanya kazi upande ule wa Sotik. Tangu aliponiambia sikusema na mtu neno la maana kwa siku mbili, na mke wangu alidhani ni huzuni. Nilimwacha adhani hivyo. Mzee akinyamaza watu husema ana majonzi. Hakuna anayefikiri kwamba mtu wa umri wangu anaweza kukaa ukingoni mwa kitanda asubuhi nzima, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kwa sababu anaona haya. Nyamweya alikuwa rafiki yangu wa kwanza nilipotoka kwetu ziwani, na nilikuwa sijamtia machoni kwa zaidi ya miaka arobaini. Si kwamba njia ilinishinda. Mara tatu nilipita Sotik kwa gari, nikajua kwamba anaishi hapo tu, nikageuza uso upande wa pili mpaka tukapita.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni wa pili baada ya nzige. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina sanduku la bati, vitabu viwili vya misheni na suruali fupi iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Nilishuka treni Kedowa, nikalala njiani kwa watu, na kesho yake nikafika Kericho, kwenye shamba la chai nililoandikiwa barua ya kwenda kuwa karani. Mimi ni mfupi. Afadhali niliseme mapema, maana mambo haya hayaeleweki bila hilo, na maisha yangu yote nimezoea kulisema mwisho. Nyapara aliyenipokea, mzee Arap Chumo, alinitazama, akatazama nyuma yangu kama kwamba karani mwenyewe bado anakuja, kisha akanipeleka kambini kwa Nyamweya kwa sababu kwake kulikuwa na kitanda kitupu. Nyamweya alikuwa Mkisii, mchumaji chai, mrefu hivi kwamba mlango wa kibanda chake aliuingia kwa kuinama mara mbili, kwanza kichwa, halafu mabega. Aliniambia, "Wewe karibu. Hapa wewe ndiye mlango ilijengewa." Tulicheka wote wawili. Siku ile niliweza kucheka.

Kibanda chenyewe nakiona mpaka leo. Kilikuwa cha duara, cha udongo na paa la nyasi, chenye vitanda viwili vya fito, mafiga matatu katikati, debe la maji, na upande wa ukutani pazia la gunia ambalo nyuma yake alilala binti yake, Moraa. Vikapu vya kuchumia chai vilining'inia juu ya moto ili vikauke, na harufu ya majani mabichi haikutoka humo hata ukipika nini. Nyamweya alisonga ugali wa wimbi, mweusi na mzito, akaula kwa mboga ya saga ambayo kwa mara ya kwanza niliiona chungu kama dawa na kwa mara ya kumi nikawa naidai. Mimi nililetewa omena kutoka kwetu, na Moraa alizikaanga huku amejifunga pua kwa kanga kuukuu akisema samaki hawa wananuka kama wamekufa mara mbili. Alikuwa na miaka kumi na moja. Urefu wa baba yake ulikuwa umemfikia kabla ya wakati wake: miguu ya korongo, mikono isiyojua ikae wapi, na tukisimama bega kwa bega alikuwa ameshanipita. Baba yake alimwambia aniite baba mdogo. Aliniita hivyo kuanzia jioni ya kwanza, bila kuona aibu, na alinipakulia chakula kabla ya kujipakulia mwenyewe.

Jioni, kabla giza halijaingia, nilikaa mlangoni na vitabu vyangu, na watu wa kambi wakazoea kuja kunisikiliza nikisoma Kiingereza. Hakuna aliyeelewa, na sitasema kwamba hilo lilinisikitisha. Katika kitabu kimoja kulikuwa na picha ya mtu mwembamba amesimama karibu na mti, na chini yake neno tall. Watu walilitamka tol. Neno hilo walilipenda kuliko yote, labda kwa sababu lilikuwa fupi na lilizungumza juu ya urefu. Nililifundisha kama nilivyofundishwa. Sisi tuna neno moja: mtu ni mrefu, njia ni ndefu, mahubiri ya mchungaji ni marefu, na hakuna anayechanganyikiwa. Waingereza wamegawa. Tall ni ya kitu kilichosimama, mtu, mti, nguzo. Kilima kina neno lake jingine, na kamba ina lake. Na mti uleule, ukikatwa ukalala chini, unavuliwa neno hili papo hapo na kupewa lile la kamba.

"Kwa hivyo mti ikianguka inanyang'anywa jina?" Nyamweya aliuliza.

"Ndiyo. Tol ni ya kinachosimama."

"Na mtu akilala, baba mdogo?" Moraa aliuliza kutoka ndani, sufuria mkononi.

Hilo mwalimu hakunifundisha. Mtu mwingine angesema sijui. Mimi nilikohoa kidogo, nikafunga kitabu, nikasema kwamba mtu akilala naye hawezi kuitwa tol mpaka aamke asimame. Nilitunga. Nimeishi na Kiingereza miaka mingi tangu siku ile na sasa najua kwamba mtu mrefu huitwa hivyo hata akiwa kitandani. Lakini walitikisa vichwa kwa heshima, na Nyamweya akasema Waingereza ni watu wakali sana, wanamnyang'anya mtu hata akiwa usingizini.

Baada ya miezi miwili alikuja msimamizi mpya, Mzungu kijana mwenye kofia ngumu, naye akaona kwamba shambani watoto na watu wazima wamechanganyika bila utaratibu. Akapaka alama nyeupe ya rangi kwenye nguzo ya baraza la ofisi, akaniita. "Karani! Toto fika hapa, andika tall. Hapana fika, andika short. Tall, kazi mzima. Short, kazi nusu. Hapana maneno mengi." Maana yake ilikuwa hii: mtoto aliyefika kwenye alama alibeba kikapu kikubwa na kuchuma mpaka jioni kama mtu mzima. Asiyefika alibeba kikapu kidogo na kuachwa saa sita, na walioachwa saa sita ndio walioweza kwenda kwenye darasa la misheni lililokuwa njia ya Sosiot. Neno lenyewe nililiandika juu ya tikiti ya kazi ya kila mtoto, tikiti ya siku thelathini, na tikiti ikiisha nikaandika nyingine.

Watu hawakupenda kupimwa. Mama mmoja wa Kisii aliniambia usoni kwamba kwao anayepimwa kwa kijiti ni maiti, ili wachimbaji wajue kaburi liwe na urefu gani, na mimi nikamjibu kwamba hii ni serikali, ingawa haikuwa serikali. Lakini siku ya kwanza ya kupima nilijifunza jambo ambalo hakuna aliyelitangaza na kila mtu alilijua. Asubuhi za Kericho ni za baridi, na watoto walikuja wamejifunika blanketi au gunia kuanzia shingoni hadi miguuni. Ndani ya blanketi walikunja magoti. Mtoto mrefu alifika nguzoni akitembea vizuri, akaegemea, akashuka polepole mpaka kichwa kikawa chini ya alama, huku uso wake umetulia kama yuko kanisani. Nilipoona mara ya kwanza nilifungua mdomo. Arap Chumo, aliyekuwa amesimama karibu yangu na orodha ya majina, alinigusa kiwiko. Alikuwa akisema kwa ule ulimi wa Kipsigis unaolainisha na kukaza herufi upendavyo. "Karani, macho yako ikae kwa karatasi. Pwana anataka neno, mpe neno. Hakusema tuangalie makoti." Nikaelewa anasema magoti. Macho yangu yakakaa kwenye karatasi. Niliandika short, short, short, na akina mama waliokuwa kwenye foleni walivuta pumzi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu, na ulikuwa mzuri. Kila mtu alijua kwamba karani anaona.

Kujua kwamba wanajua kuliniharibu. Kichwa kilivimba. Nilianza kutembea na kalamu sikioni hata Jumapili. Watoto walinikimbilia njiani, "Karani, mimi bado ni shoti?" na wazazi wao waliniletea maziwa ya mursik, viazi, mara moja hata kuku. Nikaanza kumsahihisha kila mtu. Yeyote aliyetumia lile neno vibaya nilimsimamisha na kumweleza tena habari za mti na kilima na kamba, awe na haraka asiwe nayo. Kibandani niliacha kusaidia kuchota maji. Moraa alichota.

Moraa alikuwa hayupo siku ya upimaji wa kwanza, alikuwa na homa, kwa hiyo alibaki kwenye orodha ya kupimwa baadaye. Jioni moja tunakula, Nyamweya aliweka tonge chini, jambo ambalo hakuwa akilifanya kabla sahani haijaisha. Alisema, "Karani, huyu mtoto amefika kwa ile alama na kupita. Mimi sikusoma. Tikiti yangu mwenyewe naonyeshwa kama kipofu. Nataka mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja akae chini ya alama, aende kwa darasa, ashike kusoma. Mwakani hata akiwa tol, awe tol anayesoma." Moraa alikuwa ametulia nyuma ya moto, ameshika kijiko. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mtoto ni wangu pia. Niliahidi nikiwa na ugali wake kinywani.

Kilichofuata ni kitu kidogo, na ningependa kiwe kikubwa ili nipate cha kujitetea. Jumamosi moja watu walikuwa kwenye foleni ya posho mbele ya ofisi, na Nyamweya, akiongea na wenzake, akaonyesha mlima upande wa Kedowa na kusema leo ule mlima ni tol kabisa, hauna wingu. Nilikuwa barazani. Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilishuka ngazi mbili, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni, "Mara ngapi nimekufundisha? Mlima si tol! Urefu wako wote umeota miguuni, kichwani hakikufika kitu." Watu wakageuka. Nyamweya alinitazama, akatabasamu, akaja. Hakukasirika, alikuwa mtu wa mzaha. Alinishika makwapani kama mtu anavyonyanyua mtoto, akanipandisha barazani, akaniegemeza kwenye nguzo. Alama nyeupe ikawa juu ya kichwa changu kwa vidole viwili. "Jamani!" akaita. "Karani wetu ni shoti! Apewe kikapu kidogo, saa sita aende darasani!"

Walicheka. Mwanamke mmoja alilazimika kutua debe lake. Watoto niliowaandika mimi mwenyewe walirukaruka wakiimba shoti, shoti. Arap Chumo aligeuka ukutani, mabega yakitikisika, na dirishani nikamwona yule msimamizi mwenye kofia naye anacheka, bila hata kujua ni nini, anacheka tu kwa kuwa picha ilikuwa inachekesha. Ilikuwa inachekesha. Leo ningelipa nauli kwenda kuiona. Lakini siku ile nilihisi joto likipanda kutoka tumboni mpaka masikioni, nikaokota kalamu iliyoanguka, nikaingia ndani. Jioni Nyamweya aliniwekea kichwa cha samaki mkubwa aliyemnunua kwa Mjaluo mwenzangu sokoni, ili kunibembeleza. Nilikula. Nilisema asante.

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu hadi kwenye ngazi za ofisi. Watoto waliobaki kupimwa walikuwa kama kumi na watano. Walikuja mmoja mmoja, wakakunja magoti, nikaandika. Akaja Moraa, amejifunika blanketi la baba yake, la kijivu lenye mstari mwekundu. Aliegemea nguzo, akashuka taratibu kama alivyofundishwa, na alipofika chini ya alama alinitazama. Alikuwa karibu kucheka. Mimi na yeye tulikuwa na siri moja, ndivyo alivyodhani, na macho yake yalikuwa yanasema, baba mdogo, nimefanya vizuri?

"Simama wima," nikasema.

Alidhani ni sehemu ya mchezo. Akashuka kidogo zaidi.

"Moraa. Nimesema simama wima."

Aligeuza kichwa kumtafuta baba yake, lakini wachumaji walikuwa wameshaenda shambani. Arap Chumo alisema polepole, "Karani." Basi yule mtoto akanyooka. Aliupita ule mstari kwa upana wa kiganja, mrefu, mwembamba, blanketi likabaki juu ya vifundo vya miguu. Nikaandika. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa kupewa alama na mwalimu, herufi mbili za mwisho zimesimama wima kama nguzo. Halafu nikaita jina lingine, mtoto akaja akakunja magoti, na macho yangu yakakaa kwenye karatasi.

Miaka arobaini nimejiambia kwamba sikuandika uongo. Ni kweli. Uongo niliwaandikia wale wengine wote, na hakuna hata mmoja wao aliyeumia. Ukweli nilimwandikia mmoja tu. Jioni ile Nyamweya aliingia, akainama mara mbili mlangoni, akakaa. Alikuwa na tikiti mkononi. "Umeandika nini hapa?" Nikasema neno ni la kweli, amefika kwenye alama. "Mimi sikuuliza kama ni ya kweli," akasema. Jambo hilo hakulirudia, wala siku ile wala baadaye. Sahani yangu iliwekwa mahali pake, na Moraa alinipakulia kwanza, kama kawaida. Nilijaribu kuikataa, nikasema tumbo linauma. Aliifunika kwa sahani nyingine na kuniachia karibu na moto. Ilinibidi niile.

Mara ya kwanza naweza kusingizia hasira. Lakini siku thelathini za kazi zilikwisha, tikiti mpya ikaja mbele yangu mezani, na hasira ilikuwa imekwisha zamani. Ningeandika neno lile jingine na hakuna ambaye angeuliza. Nilifikiria: nikibadili sasa, watajua kwamba mara ya kwanza nilifanya kusudi. Ndiyo sababu. Sina nyingine. Nikaandika tall kwa mara ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Wakati huohuo Moraa, ambaye hakwenda darasani, alianza kuchora kwa mkaa juu ya ukuta wa udongo, upande wa pazia lake. Siku moja nikaona anaichungulia tikiti yake na kuiiga: herufi ya kwanza kama msalaba usio na kichwa, ya pili kiduara chenye mkia, halafu nguzo mbili. Akaniuliza, "Baba mdogo, hii ya kwanza inaitwaje?" Nikamwambia sina nafasi. Nilikuwa nimekaa kitandani, sifanyi kitu.

Mwezi wa saba mvua za Kericho huanza saa tisa alasiri kama zimeajiriwa, na mara nyingine ni mvua ya mawe. Njia za shambani zilikuwa za udongo mwekundu, zimekatwa kwenye mteremko, na wachumaji walizipanda wamebeba vikapu mgongoni mpaka kwenye kibanda cha kupimia majani. Majani yakilowa huwa mazito mara mbili. Moraa aliteleza karibu na juu kabisa, akarudi kinyumenyume na kikapu chake kikubwa mpaka kwenye mtaro wa maji, na kikapu kikawa chini yake. Nilisikia watu wakipiga kelele, nikatoka barazani, nikawaona wanamleta juu ya magunia mawili, Nyamweya akiwa mbele, amevua shati na kumfunika nalo. Walipita mbele ya ile nguzo. Hakuna aliyenitazama. Alikuja mama mmoja wa Kipsigis anayejua mifupa, akamkanda kwa mafuta, akasema asisogezwe. Mganga wa misheni naye alikuja na mkoba wake, akasema vilevile kwa maneno marefu zaidi.

Siku ya nane au ya tisa nilikuwa nje ya kibanda, nimekwenda kuosha sahani, jambo nililolianza tena wakati ule bila kuambiwa. Nikasikia sauti ya Moraa kupitia ukuta. "Baba, sasa mimi nimelala hivi. Mimi bado ni tol?" Nikasikia Nyamweya akichochea moto. Kisha akasema, "Hiyo mimi sijui, mama. Ngoja baba yako mdogo aingie, umuulize." Nilisimama pale na sahani mkononi, maji yakinidondokea miguuni. Maneno machache tu yangetosha. Ningeingia na kusema nilidanganya, mtoto, neno ni lako hata ukiwa umelala, halafu yale mengine yangefuata, maana mlango ukifunguka kidogo hufunguka wote. Sikuingia. Nilizunguka kambi mpaka moto ukazimwa.

Juma lile niliomba kazi kwenye ofisi za reli, na nilipokubaliwa nikaenda kuchukua sanduku langu mchana, saa ambayo Nyamweya yuko shambani. Moraa alikuwa macho juu ya mkeka. Alinitazama nikifunga kamba. "Unaenda, baba mdogo?" Nikasema naenda karibu tu, nitarudi Jumapili. "Basi Jumapili," akasema.

Sasa turudi Ndanai. Nilikuwa nimesimama karibu na hema la wageni, sahani ya wali mkononi, sijui nikae wapi, wakati mwanamke mmoja alipokuja na daftari la kuandikia majina ya waliohudhuria. Alikuwa ameinama kuanzia kiunoni, mgongo umelala karibu sawa na meza, na alitembea upesi, kwa mazoea, akikwepa viti. Ili kumwona mtu usoni alilazimika kupinda shingo kama kuku anayetazama mwewe. Alinitazama hivyo. Mimi, ambaye maisha yangu yote nimewatazama watu kwa kuinua kidevu, nilikuwa namtazama mtu mzima kutoka juu.

"Karani," akasema. "Wewe hujaongezeka hata kidogo."

Nilitafuta pa kuiweka sahani. Aliweka daftari juu ya kiti, akanipa kalamu, "Andika jina, baba mdogo." Niliandika. Kisha akaichukua kalamu, akasema yeye bado hajajiandika, shughuli zimekuwa nyingi. Akaandika chini ya jina langu. Msalaba usio na kichwa, kiduara chenye mkia, nguzo mbili. Zile nguzo zilisimama wima kabisa.

"Unaandika hivyo kila mahali?"

"Kila mahali. Nikiuza majani, hospitali, kwa chifu. Wenzangu wanaweka kidole. Mimi naandika. Ni hilo tu najua, lakini hilo nalijua vizuri."

Nikasema, "Moraa, asubuhi ile pale nguzoni, ningeweza..."

"Najua. Baba aliniambia kabla hata sijaanza kukaa kitako. Alisema wewe si mtu mbaya, ni vile hasira ya mtu mfupi haina safari ndefu kutoka tumboni mpaka mkononi." Alicheka kidogo, cheko la baba yake. Halafu akaacha. "Lakini ile Jumapili ulisema utarudi. Tulikuwekea chakula. Baba akasema tungoje. Mpaka kikalala."

Nilimwambia kwamba naona haya. Nilisema hivyohivyo, kwa maneno hayo, mbele ya watu waliokuwa wakila, na nikasema kwamba hata lile neno nililowafundisha nilidanganya, kwamba mtu akilala halimtoki. Alisikiliza, shingo imepindwa.

"Kumbe," akasema. "Mimi nililala miezi minne nikifikiri nimenyang'anywa. Nikasema lazima niamke nilirudishe." Akapapasa ukurasa pale alipoandika, wino ulikuwa bado mbichi. "Niliamka, baba mdogo. Hivi unavyoona ndivyo nilivyofika."

Niliona shingo yake inatetemeka kwa kunitazama juu. Nilikuwa nimevaa koti refu, la mvua, linalofika chini ya magoti. Sikufikiri. Ndani ya koti nikakunja magoti, polepole, nikashuka mpaka macho yetu yakawa sawa, na nikajaribu kuutuliza uso wangu.

Aliangalia koti. Aliangalia uso wangu. Alikuwa amejua mchezo ule kabla yangu.

"Simama wima," akasema.

Nikasimama.